Mpaka Itoboke

Danieli alibonyeza lengelenge la kwanza kwa kidole gumba. Rangi ikapasuka kama ganda la yai, na ndani ukamwagika unga mweupe, laini, mfano wa unga wa muhogo. Akaufikicha, akaupuliza, kisha akajifuta kwenye suruali yake ya ofisi.

"Hii siyo kutu," akasema.

"Siyo kutu ni nini?" Hassani akamwuliza. "Poda ya mtoto?"

"Kutu ni ya chuma, mzee. Bodi hii ni aluminiamu. Aluminiamu haipati kutu."

"Ndiyo maneno mliyoniambia siku ya kuniuzia. Haipati kutu, wewe ishi ufukweni utakavyo. Leo gari linavimba, linatoka usaha, unaniletea maneno yale yale."

Walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa wakala wa magari, mjini Mtwara, upande wa njia ya bandarini. Jua lilikuwa limewasimamia utosini na hakuna aliyekaribishwa kivulini. Danieli ndiye aliyekuwa akishughulikia madai ya dhamana kwa mikoa ya kusini, kijana wa bara mwenye kitambulisho kifuani na uso wa mtu aliyekwisha kusikia kila neno kabla halijasemwa. Hassani alikuwa mtu wa makamo, mwenye gari, na hasira zake alikuwa amezipanga tangu asubuhi kama mtu anayepanga nguo za safari. Nyuma yao, karibu na tairi, alisimama mdogo wake Hassani, Mwanaidi. Alikuwa ameletwa kama shahidi.

"Huyu ndiye anayeliosha," Hassani akasema, akimnyooshea kidole. "Mwulize analiosha na nini. Maji na sabuni basi. Mwulize."

Danieli hakumwuliza. Alizitazama ndala za Mwanaidi, kisha akaurudia mlango.

"Dhamana ya bodi inasema kutu iliyotoboa," akasema. "Itoboe bodi kutoka ndani ije nje. Rangi kuvimba haimo. Unga haumo. Malengelenge hayamo."

"Kwa hiyo nisubiri mpaka itoboke."

"Mpaka itoboke."

"Na wewe umeniambia aluminiamu haipati kutu."

"Haipati."

"Basi kitu kisichopata kutu kitatobolewa na kutu gani?"

"Hilo waulize walioandika, mzee. Mimi nasoma tu." Danieli akaufunga mlango kwa kiwiko, kama mtu asiyetaka kuambukizwa. "Halafu kuna swali jingine. Gari linalala wapi?"

"Kwangu. Ufukoni."

"Ndani ya banda?"

"Nje. Kwani linaogopa giza?"

"Nje, kwenye upepo wa chumvi. Hata ikitoboka leo, wakubwa wangu Dar es Salaam watauliza banda liko wapi. Gari linataka paa na kuta."

Mwanaidi aliyasikia maneno yote, akayaweka. Ndivyo alivyokuwa. Watu wengi humsikiliza msemaji ili wapate pa kumjibu, yeye husikiliza kama anayechambua mchele. Katika yote yaliyosemwa uwanjani pale, maneno mawili yalimkaa. La kwanza ni kutoka ndani. La pili ni banda, na hili lilimwogopesha.

Kwa sababu nyumbani kwao Ufukoni hapakuwa na pa kujenga banda, ila mahali pamoja tu.

*

Nyumba ile ilikuwa ya mama yao. Mbele vyumba, ukumbi na kibaraza, nyuma uani, na uani kwenyewe kulikuwa na chumba kimoja kilichojitenga, chenye dirisha dogo na mlango wa mbao. Zamani mama alihifadhi korosho humo. Alipoanza kuumwa akahamia humo mwenyewe, kwa kuwa kulikuwa na hewa, na Mwanaidi ndiye aliyelala naye chini kwenye mkeka akimgeuza. Siku chache kabla hajafariki, mama alisema, "Chumba hiki kaa wewe Mwanaidi, usije ukahangaika na mtoto." Aliyasema mbele ya watu wawili: Mwanaidi mwenyewe, na Hassani. Tangu mazishi Hassani hakuyarudia maneno hayo hata mara moja, na Mwanaidi hakumkumbusha. Alikuwa amerudi kutoka Kitaya na talaka mkononi na binti yake Husna mgongoni. Mumewe alikwishaoa mwingine kabla hata eda yake haijaisha. Mtu wa namna hiyo hakumbushi watu mambo ovyo. Anangoja.

Basi siku ile walipotoka kwa wakala, njia nzima Hassani hakufungua kinywa. Gia ya pili ndiyo iliyosema, ililia kila alipoiingiza, mlio mwembamba kama mbu sikioni. Walipofika hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja uani, akasimama mbele ya chumba cha Mwanaidi, akaupima ukuta kwa hatua, akaugonga kwa ngumi.

"Ukuta huu ukitoka," akasema, "gari linaingia."

"Kaka, humo kuna mtoto amelala."

"Nnakwambia mapema ili usije ukasema umeonewa. Wakikubali kubadilisha milango na boneti, banda halina haraka. Wakikataa, nnavunja. Wewe utarudi Kitaya, ukasuluhishane na baba wa mtoto."

"Ana mke."

"Na wewe ulikuwa mke."

Akaenda zake. Mwanaidi akabaki pale, mkono juu ya mbao za mlango wake, akiutazama ule ukuta uliogongwa. Chokaa kidogo ilikuwa imeanguka.

Tuseme haki, Hassani naye alikuwa ameshikwa pabaya. Gari lile alilinunua jipya, likiwa na karatasi za nailoni bado vitini, na mtaa mzima ulitoka kulitazama. Alikuwa akilikodisha kwa wageni wa miradi, akiwapeleka Kilambo kwenye kivuko na kuwarudisha. Yalipoanza malengelenge, kwanza kwenye mlango wa dereva, kisha boneti, kisha milango yote, madereva wa bodaboda pale kona walilipa jina. Waliliita Ukurutu.

"Hassani, Ukurutu amelalaje?"

"Mpake mafuta ya nazi, mzee, asijikune."

"Umpeleke kliniki Ligula, usisubiri mpaka awaambukize na bajaji zetu."

Fundi bodi alitaka kukwangua apake puti. Hassani akamfukuza, kwa kuwa aliambiwa fundi wa nje akigusa tu, dhamana imekufa. Wageni nao wakaanza kulikwepa. Mmoja alipitisha kiganja juu ya boneti, akatazama unga mkononi, akauliza kama hakuna gari jingine.

*

Usiku ule, wakiwa kwenye ugali, Sharifa ndiye aliyelianzisha. Sharifa alikuwa mke wa Hassani, mwanamke mrefu, msafi mpaka wa kuudhi, ambaye tangu Mwanaidi arudi hakuwahi kumwita jina lake. Alimwita wifi, na neno lenyewe alilitoa puani.

"Kumbe inatakiwa itoboke tu?" akasema. "Basi shida iko wapi? Bingwa wa kutoboa aluminiamu si tunaye humu humu."

Kila mtu alijua anasema nini. Ukutani jikoni lilining'inia sufuria kubwa la pilau, zawadi ya harusi ya Sharifa. Mwaka Mwanaidi aliporudi aliloweka humo kunde kwa magadi ili zilainike upesi, akaitwa msibani, akaliacha likae na magadi yake mpaka siku iliyofuata na nyingine. Lilipooshwa, kitako kilikuwa kimetoka vitundu kama ungo. Sharifa hakulitupa. Alilipigilia msumari akalitundika kama picha ya marehemu, ili kila mgeni atakayeingia aulize, na kila anayeuliza aelezwe.

Hassani aliacha kutafuna. Aliligeukia sufuria, akalitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama sufuria.

"Magadi?" akauliza.

"Magadi," Sharifa akamjibu. "Wifi atakuonyesha. Kwa sufuria za watu ana mkono mwepesi."

"Mwanaidi, ilichukua siku ngapi?"

"Sikumbuki, kaka."

"Kumbuka."

"Lile lilitoboka kwa bahati mbaya. La makusudi sijui."

"Utajua. Utaweka palipovimba, mlango wa dereva. Chumba si unakitaka?"

Mwanaidi alinawa mkono taratibu. "Na siku wakigundua," akasema, "utasema ameweka nani?"

Hassani hakujibu. Alimega tonge, akalichovya, akalirudisha sahanini bila kulila. Sharifa akacheka kidogo.

"Ati naye anatuuliza maswali. Kula umalize, wifi, vyombo vinakusubiri."

Mwanaidi alipata jibu lake kwenye kule kunyamaza. Akainuka na vyombo. Angeweza kuwaambia kwamba yule kijana alisema kutoka ndani ije nje, na kwamba tundu la kuanzia nje halitamdanganya mtu anayeishi kwa kukataa madai. Aliyasugua masufuria, akamwaga maji, akaenda kulala.

*

Sharifa alifanya mwenyewe. Alingoja Ijumaa adhuhuri, wanaume wako msikitini na mtaa umetulia, akaponda mabonge ya magadi kwenye kinu cha kisamvu, akayakoroga na maji yakawa uji mzito. Akaja na kisu cha jikoni. Akapasua malengelenge ya chini ya mlango wa dereva, moja baada ya jingine, akakwangua rangi mpaka ule weupe wa aluminiamu ukatoka. Akapaka uji, akafunika na kipande cha khanga kilicholoweshwa, akaegemeza tofali.

Mwanaidi alikuwa mlangoni kwa jiko, anachambua kisamvu.

"Unatazama nini?" Sharifa akamwuliza.

"Sitazami kitu."

"Una macho makubwa kwa mtu asiyetazama kitu."

"Nimezaliwa nayo, wifi."

Kila kitambaa kilipokauka Sharifa alikilowesha. Gari likawa halitoki. Hassani alilizunguka asubuhi na jioni, akichungulia chini ya khanga kama mtu anayetazama kidonda cha mgonjwa wake, na kila mara akiguna. Alikuwa amekwisha kuwapigia wakala simu kuhusu mlio wa gia, akaahidiwa wataitazama ndani ya dhamana ya injini. Ndiyo iliyokuwa ikimtia moyo. Milango ikibadilishwa na gia ikibadilishwa, gari litakuwa jipya tena.

Siku moja bombani Mwanaidi alikuta maneno yamemtangulia. Bi Zuhura, mjumbe wa mtaa wao, alimsogezea ndoo, akamwinamia.

"Mwanangu, ni kweli wewe huosha gari la kakako kwa magadi?"

"Nani kasema?"

"Sharifa anasema. Kasema asubuhi kwa mama Hadija, kasema jana dukani. Ati umetoka nayo Kitaya, huko ndiko mnakoosha vitu kwa magadi ving'ae. Ati kakuambia uache, husikii."

Mwanaidi aliyaacha maji yajae mpaka yakamwagika. Wifi yake alikuwa akimtandikia kitanda kabla hata ya usingizi. Tundu likikubaliwa, sifa ni za Sharifa. Likikataliwa, mtaa mzima umeshaambiwa ni mkono wa nani, na mtu aliyeharibu gari la kaka yake hana uso wa kudai chumba.

Angeweza kubisha pale pale bombani, wanawake wote wamesimama na masikio yao. Alifikiri. Kisha akasema, "Mjumbe, siku yule mtu wa gari akija nyumbani, ukipata nafasi upite."

"Kuna nini?"

"Kuna maneno."

Bi Zuhura alikuwa mama mnene, mwenye hukumu nzuri akiwa ameshiba, na maneno kwake yalikuwa chakula. Akatikisa kichwa pole pole. "Nitapita," akasema. "Hata ungo nina shida nao, nitakuja kuuazima."

*

Danieli alikuja asubuhi, na gari la ofisi, akiwa na haraka. Alitangaza haraka yake kabla ya salamu.

"Nina gari jingine linaningoja Kilambo. Nionyeshe."

Hassani alikuwa amevaa kanzu kama siku ya sikukuu. Sharifa alikuwa amefua vile vipande vya khanga na kuvianika mbali. Mlango ulikuwa umesuuzwa, na chini yake, pale palipokuwa na lengelenge kubwa, palikuwa na tundu. Dogo, la kupitisha kijiti cha kibiriti, lakini tundu.

"Imetoboka," Hassani akasema. "Ulisema ikitoboka nikuite. Nimekuita."

Danieli alichuchumaa. Alichomeka kijiti, akakitoa. Akafungua mlango, akabandua kifuniko cha plastiki cha ndani, akamulika kwa simu huku akiguna kama fundi saa. Bi Zuhura aliingia wakati huo na salamu zake, akauliza ungo, akapewa kigoda, akakaa. Hakuna aliyeuleta ungo na yeye hakuukumbusha.

"Ndani hapajaguswa," Danieli akasema hatimaye. "Rangi ya kiwandani iko vile vile. Tundu kwa nje ni pana, kwa ndani ni jembamba. Limeliwa kutoka nje."

"Chumvi ya bahari," Hassani akasema. "Bahari iko nje. Ulitaka iwe ndani ya gari?"

Danieli alipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, chini kabisa, mahali ambapo maji ya kusuuzia hayakufika. Kulikuwa na ukoko mweupe. Akautia kwenye ncha ya ulimi. Akatema.

"Mzee, mimi ni mtu wa Rombo," akasema. "Mama yangu anapikia kiburu, ndizi na maharage, kwa kitu hiki tangu sijazaliwa. Haya ni magadi."

Bi Zuhura alikiweka sawa kigoda chake.

"Nani kaweka?" Danieli akauliza.

Na kama Mwanaidi alivyojua tangu usiku ule wa ugali, mkono wa Hassani ulinyooka.

"Huyu. Dada yangu. Ndiye anayeosha, nilikuambia siku ile. Darasa la saba tu huyu, hajui kitu. Ameosha kwa magadi."

"Mtaa mzima unajua," Sharifa akaongeza. "Nilimkataza nikachoka."

Danieli aliinuka, akajikung'uta magoti. Sasa hakuwa na haraka tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kiti.

"Sikilizeni niwaambie namna mbili, kisha mchague, kwa kuwa mimi naandika nitakachoambiwa. Kama aliyeweka ni mwoshaji, hakujua, basi madai ya bodi yamekufa. Milango, boneti, yote. Lakini dhamana ya injini na gia inabaki. Kama aliyeweka ni mwenye gari, au mtu aliyetumwa na mwenye gari ili atoboe, huo ni udanganyifu. Dhamana yote inakufa hapa hapa. Na ile gia uliyonipigia simu itakuwa juu yako, bosi."

"Nimeshakuambia ni huyu."

"Wewe umesema. Aseme mwenyewe." Danieli alitoa simu, akaiwasha, akaielekeza kwa Mwanaidi. "Dada, nakurekodi. Nani aliweka magadi kwenye gari?"

Macho ya Hassani yalimwambia jambo moja, macho ya Sharifa yakamwambia jingine. Mwanaidi hakuyatazama kwa muda. Alimtazama Bi Zuhura, akahakikisha yuko macho. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Kaka," akasema, "chumba cha uani mama alisema ni cha nani?"

"Nini?"

"Mama. Siku zile za mwisho. Alisema chumba ni cha nani?"

"Habari ya chumba imeingiaje hapa? Mtu kakuuliza magadi."

"Nitajibu ya magadi. Najibu ukishanijibu." Akaigeukia simu. "Inarekodi?"

"Inarekodi," Danieli akasema. "Ila mimi sikuja kusikiliza mambo ya vyumba."

"Basi zima, uende Kilambo. Mimi sina haraka."

Sharifa alipiga hatua. "Wewe mwanamke, una wazimu? Unakula humu, unalala humu, leo unamtega kaka yako mbele ya wageni?"

"Nimeuliza swali, wifi. Ukipenda nijibu la kwanza sasa hivi. Nimtajie kilichopondwa kwenye kinu cha kisamvu siku ya Ijumaa, na nani alikuwa ameshika mchi?"

Sharifa akarudi hatua ile ile. Danieli alitazama huku na huku, akasukuma midomo mbele, akatulia. Alikuwa ameelewa kila kitu, na ilionekana haikumsumbua hata kidogo.

"Mzee," akamwambia Hassani, "ile gia inalia ya pili peke yake, au na ya tatu?"

Hassani alilitazama gari lake. Lilikuwa limesimama pale na magamba yake, na tundu lake, na unga wake mweupe kwenye boneti. Akalitazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama mtu wa nyumba ile.

"Alisema akae Mwanaidi," akasema, akiiambia ardhi.

"Mjumbe hakusikia," Mwanaidi akasema.

"Nimesikia," Bi Zuhura akasema. "Lakini rudia tu, bwana Hassani, nisije nikaulizwa kesho nikababaika."

"Chumba cha uani mama alimpa Mwanaidi. Umeridhika?"

"Na hakivunjwi."

"Hakivunjwi."

"Na mimi sitolewi."

"Hutolewi, Mwanaidi. Na Mungu anakuona."

"Ananiona. Na wewe anakuona."

"Hassani," Sharifa akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imetoka puani ikashuka kifuani, "unagawa nyumba kwa ajili ya gia?"

Mwanaidi akaisogelea simu kidogo, kama mtu anayeegemea dirisha la posta.

"Magadi niliweka mimi," akasema. "Nililiosha nayo gari."

"Kwa nini?"

"Sikujua kama yanaharibu."

Danieli akazima. Akaanza kuandika kwa vidole viwili, na alichoandika akakisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa ile sauti ya ofisi isiyopanda wala kushuka. "Uharibifu wa bodi umesababishwa na mwoshaji, ndugu wa mteja, kwa ujinga wake. Madai yamekataliwa." Akainua uso. "Unakubali niandike hivyo? Kwa ujinga wake?"

Neno lile lilimfikia Mwanaidi, akalisikia linavyoingia. Alikuwa amesoma darasa la saba, akafaulu, na hakukuwa na wa kumpeleka mbele. Aliyekataa kumpeleka alikuwa amesimama hapo hapo, amevaa kanzu.

"Andika," akasema.

Danieli aliandika. Alipokuwa anapita kwenda kwenye gari lake, alipunguza mwendo karibu na Mwanaidi, akasema chini chini, "Dada, mimi najua siyo wewe."

"Na mimi najua kwamba unajua," Mwanaidi akamjibu. "Umeshaandika?"

"Nimeandika."

"Basi safari njema."

Bi Zuhura aliondoka bila ungo. Mpaka adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua ni nani mwenye chumba, na pia ulikuwa unajua ni mjinga gani aliyeosha gari kwa magadi. Bodaboda wa kona walimpa Mwanaidi jina siku ile ile. Alipopita kwenda sokoni wakamwita Mama Magadi, wakamwuliza kama anaosha na pikipiki. Alipita. Hakuharakisha hatua.

*

Ndani ya nyumba hapakuwa na amani. Sharifa hakusema na Hassani siku kadhaa, kisha akaanza kusema naye, ikawa mbaya zaidi. Mwanaidi alihamisha vyombo vyake vyote uani, akatengeneza meko yake ya mafiga kando ya dirisha, akawa anapikia huko yeye na Husna. Gia ilibadilishwa. Milango ilibaki na malengelenge yake, na yalizidi, na boneti ikaanza kumenyuka vipande. Siku fundi mwashi alipokuja kuuliza habari ya banda, Hassani alimwambia hakuna banda, akageuka asionwe uso.

Asubuhi moja Sharifa alitoka na ndoo ya maji, dodoki na sabuni. Akaviweka chini mbele ya mlango wa Mwanaidi, kwa kishindo.

"Gari lina vumbi la Kilambo," akasema. "Linatakiwa saa hizi."

Mwanaidi alikuwa anamsuka Husna. Hakuinua kichwa.

"Nani aoshe?"

"Nani huosha siku zote?"

"Mimi? Mimi nitaliharibu, wifi. Imeandikwa mpaka Dar es Salaam kwamba sijui kuosha. Nikigusa tena, si watasema umenituma?"

"Usinifanyie kiburi."

"Siyo kiburi. Ni ujinga. Mwulize kaka."

Sharifa aligeuka kuelekea nyumba kubwa. "Hassani," akaita. "Hassani, njoo umsikie dada yako."

Kutoka ndani ikaja sauti yake, ya mtu anayefunga vifungo vya shati na wateja wako njiani.

"Osha wewe, Sharifa. Usiliguse ukakwangua."

Mwanaidi aligawa nywele za mwanawe kwa ncha ya kitana, akaanza mstari mwingine. Hatimaye ndoo ikaburuzwa mpaka kwenye gari. Sharifa alipandisha khanga magotini, akachota, akamwagia mlango wa dereva, na maji yakaingia kwenye tundu, yakazunguka huko ndani yalikozunguka, yakachuruzika chini ya mlango na kumlowesha miguu.